Lee-Enfield .303 ya 1917 iliyokatwa mbao: nianzie wapi kuirudisha, na nini nisiguse?

Kitako_Kizito

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Lee-Enfield, ile fupi ya .303. Upande wa kulia, kwenye shingo ya chuma inayopokea kitako, kuna taji, herufi G.R., B.S.A. Co., 1917, na chini yake SHT. L.E. III*. Niko Minnesota na ninaimiliki kihalali, hivyo habari ya vibali tuiache. Zamani mtu aliigeuza kuwa ya kuwindia, kama zilivyofanywa nyingi. Mbao ya mbele imekatwa mbele kidogo ya bendi ya kati na kuviringwa kwa tupa. Mbao za juu hazipo zote mbili. Kofia ya chuma ya mdomoni, ile inayoshika singe, haipo, wala yale masikio ya chuma yanayolinda kilengeo cha nyuma. Bodi (chuma kikuu ambamo bolti inakaa) haijatobolewa kwa ajili ya darubini, na namba ya bolti na ya bodi ni moja.

Niliyoyaona hadi sasa: kutu nyekundu nyepesi upande wa chini wa mtutu, pale unapolala kwenye mbao. Kitako kimepigwa vanishi ya kung'aa kama meza ya sebuleni, kina mabonyeo mawili, na kinacheza kidogo ukikizungusha kwa mkono. Mbao kuzunguka nafasi ya magazini imekuwa nyeusi kwa mafuta. Triga inatakiwa iwe na mivuto miwili, lakini wa kwanza karibu haupo.

Nataka irudi ilivyotoka kiwandani kadiri inavyowezekana, na ipige karatasi mita 100 bila kuniaibisha. Nianze na nini? Ninunue nini kwanza? Na hicho kitako kinachocheza, nikaze tu ile skrubu ndefu ya ndani au kuna zaidi?

---

Fundi_Tupa

Mkuu, weka bisibisi chini kwanza. Swali lako la mwisho ndilo linalopasua mbao za hizi bunduki kila siku.

Kwenye modeli hii ncha ya mbele ya skrubu ndefu ya kitako imechongwa mraba. Mraba huo unatokeza mbele ya shingo ya chuma na kukaa ndani ya kibati chenye mfuo, kilichozamishwa nyuma ya mbao ya mbele, ili skrubu isilegee yenyewe. Ukiizungusha huku mbao ya mbele bado imefungwa, mraba unageuka, kibati kinageuka nao, na mbao inapasuka kama imepigwa kabari. Kwa hiyo kufungua, mbao ya mbele hutoka kabla ya kitako. Kufunga, kitako hutangulia, unakikaza, unahakikisha bapa za ule mraba zimesimama wima, ndipo mbao ya mbele inarudi. No.4, yaani Lee-Enfield zilizofuata hii, za kawaida za Vita vya Pili hazina mraba huo, ndiyo maana ushauri wa watu wa No.4 huwaponza wenye modeli yako.

Kabla ya kununua hata skrubu moja, pima kama chuma kinastahili hiyo gharama. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, toa magazini, vuta bolti hadi mwisho, inua kichwa cha bolti kichomoke kwenye reli ya kulia, kisha itoe yote kwa nyuma. Mtutu wa asili ni inchi 25.2, yaani milimita 640, wenye mifuo mitano inayozunguka kushoto. Usishtuke, Enfield walizungusha kushoto. Angalia kwa taa ukitokea nyuma. Vidoa vyeusi vilivyotawanyika si msiba, bunduki nyingi zenye vidoa hupiga vizuri. Msiba ni mdomo uliochakaa. Askari walisafisha kwa kamba ya kuvuta tambara, na kamba iliyovutwa kwa pembeni miaka nenda rudi hukwangua upande mmoja wa mdomo. Chukua kichwa cha risasi ambacho hakijafungwa kwenye ganda, kiingize mdomoni kwa ncha. Kikimezwa chote hadi mwisho bila kukwama, usitegemee kundi dogo kwenye karatasi hata ufanye nini na mbao.

Halafu tafuta herufi DP au EY kwenye chuma na kitako. DP ni bunduki ya gwaride, iliondolewa kwenye kazi ya kupiga risasi. EY iliwekwa kando kwa kurushia guruneti au kwa dharura. Ukikuta mojawapo, mradi wako unakuwa wa kutundika ukutani, si wa uwanjani.

Jambo la tatu ni nafasi kati ya uso wa bolti na ukingo wa ganda. Ganda la .303 lina ukingo, na ukingo huo ndio unaozuia ganda lisiingie mbele zaidi. Vipimo vya jeshi vilikuwa geji mbili, yaani vipande vya chuma vya unene maalumu vinavyowekwa kwenye chemba: bolti lazima ifunge juu ya geji ya inchi 0.064 na isifunge juu ya ile ya 0.074. Toa msumari wa kugonga na kiondoa ganda kwanza, safisha chemba, na ufunge kwa ncha ya kidole tu. Ukitumia nguvu, mkono wa bolti una nguvu ya wenzo ya kutosha kukudanganya. Usinunue bolti ya bunduki nyingine kwa sababu ya sura. Bolti ilisuguliwa kiwandani ili magego yake mawili yabebe sawa kwenye bodi yake, na namba zinazofanana ni mali kubwa hapo ulipo.

Kufungua chuma chenyewe: kwako kofia ya mdomoni haipo tayari, kwa hiyo unaanzia bendi ya kati. Legeza skrubu yake, ifunguke kwenye bawaba. Chini ya nafasi yake, ndani ya mbao, kuna skrubu nyembamba ndefu yenye springi na washa, inayoshika bendi ya ndani iliyozunguka mtutu. Hiyo watu huisahau, wanavuta mbao, wanapasua tundu. Kisha skrubu ya nyuma ya kilinda triga, halafu skrubu kuu iliyo mbele ya magazini. Kilinda triga kikitoka, shusha mbao ya mbele kwa kuilazimisha kidogo kidogo mbele na nyuma kwa usawa. Ukiivuta kwa mdomoni kama mkono wa pampu, unavunja kona mbili za nyuma.

Bisibisi zitengenezwe kwa tupa zijae mfuo wa skrubu. Na usilazimishe skrubu yoyote ya dukani: Enfield walikuwa na nyuzi zao wenyewe za skrubu, si za milimita wala za inchi unazozijua. Ikipotea, nunua skrubu ya Enfield.

---

Mninga_Mkavu

Nachangia upande wa mbao, maana Fundi_Tupa amemaliza chuma na mimi chuma sikiwezi.

Watu wengi huona mbao ya Enfield kama nguo tu. Kwenye modeli hii mbao ni sehemu ya mtambo, kwa njia mbili. Kwanza, teke la risasi halipokelewi na skrubu. Linapokelewa na mabega mawili yaliyochongwa ndani ya mbao ya mbele, kulia na kushoto, nyuma ya nafasi ya magazini. Bodi inasukuma mabega hayo. Yakiwa laini kwa mafuta au yakiwa yameshikana upande mmoja, mbao inasogea, na mpasuko unaanzia hapo kuelekea nyuma. Huo weusi ulioutaja uko mahali pabaya hasa. Pili, triga yako haikufungwa kwenye bodi. Imefungwa kwenye kilinda triga, na kilinda triga kinakaa chini ya mbao. Kile inachokisukuma kiko kwenye bodi, juu ya mbao. Kwa hiyo unene wa mbao hapo katikati ndio unaopanga umbali kati ya triga na kile inachokisukuma. Mbao ikibonyea, kilinda triga kinapanda, triga inaanza kugusa kabla hujaivuta, na mvuto wa kwanza unapotea. Waingereza wenyewe walichoka na hili. Mwisho wa No.4, kwenye Mark 2, wakahamishia triga kwenye bodi.

Kwa hiyo usipeleke tupa kwenye triga. Ugonjwa uko kwenye mbao.

Orodha yako ya kununua: mbao ya mbele nzima, mbao ya juu ya nyuma pamoja na vishikizo vyake vya chuma, mbao ya juu ya mbele, kofia ya mdomoni na skrubu zake (ile ya nyuma inapita kwa upana na ina nati), bendi ya ndani kama haipo, springi na washa yake, masikio ya kilengeo na skrubu yake, na kitu kidogo ambacho wauzaji husahau kukifungasha: kijiti cha chuma na springi yake vinavyokaa kwenye tundu la mbao chini ya mtutu karibu na mdomo. Bila hicho utapiga risasi zinazotawanyika juu na chini, na utalaumu mtutu bure. Kwa kuwa yako ina nyota (ile * ya III*), mbao isiyo na sahani ya vilengeo vya mbali upande wa kushoto ndiyo inayoifaa. Ukipata yenye sahani hiyo mwenyewe utaona imependeza, lakini si ya bunduki hii. Tafuta mti wa jozi wa zamani. Mbao za Australia za Lithgow ni za mti mwingine wenye rangi nyekundu zaidi na zina vibati vya shaba nyekundu kwenye mabega. Ni nzuri, ila rangi haitalingana na kitako chako.

Mbao mpya au ya zamani isiyotumika haitakaa mara ya kwanza, na haitakiwi ikae. Changanya masizi ya taa na tone la mafuta, paka bodi kwa wembamba, ingiza mbao, igonge kidogo, itoe. Palipochafuka ndipo panapogusa. Kwangua hapo kwa patasi kali, unene wa karatasi, rudia. Unaweza kurudia mara thelathini. Unakwangua pote isipokuwa mabega, mpaka mabega yote mawili yachafuke kwa usawa katika upana wao wote. Mwisho mbao iingie kwa kubanwa kwa kiganja na kugongwa kidogo katika milimita 5 au 6 za mwisho. Ikianguka yenyewe mahali pake, ni pana mno. Na nyuma kabisa isiguse shingo ya chuma, acha upenyo wa kupitisha karatasi ngumu. Ikigusa hapo, teke linapita kwenye kona nyembamba badala ya mabega.

Kama unataka kuokoa mbao ya asili na kuiunga mbele, inawezekana, ila mabega yake ya nyuma bado yanahitaji matengenezo. Ondoa mafuta kwa asetoni, mara kadhaa, kwenye hewa ya wazi, mpaka tambara lisibadilike rangi. Chonga uondoe mbao iliyooza kwa mafuta, ubandike kipande cha mti mgumu cha milimita 5 au zaidi kwa epoksi, ukiache siku nzima. Nyuzi za kipande zielekee sawa na mtutu, ili bodi ipige kwenye ncha za nyuzi na si ubavuni. Usishawishike na kipande cha mpingo kwa sababu ni mgumu. Mpingo una mafuta yake yenyewe na gundi haishiki vizuri.

Kitako: vanishi itoke kwa dawa ya kuondolea rangi na kikwanguzi cha plastiki. Msasa marufuku. Msasa ukishapita, mihuri ya mkaguzi inakwenda nao, na kingo za mbao zinakaa chini ya chuma badala ya juu yake. Mbao ya asili hukaa juu kidogo ya chuma, ndivyo unavyomjua aliyesugua. Mabonyeo huondolewa kwa tambara lililoloweshwa na pasi ya moto: weka tambara juu ya bonyeo, gusa kwa ncha ya pasi sekunde chache, mvuke unavimbisha nyuzi. Bonyeo linarudi. Penye nyuzi zilizokatika halirudi, na hapo liache. Halafu mafuta ya kitani mabichi, yaliyopashwa yawe vuguvugu, unapaka kwa kiganja, unasubiri dakika 20, unafuta yote yaliyobaki juu. Rudia kila siku kwa wiki moja au mbili.

Matambara ya mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa kwenye ndoo ya takataka. Yanajipasha moto yenyewe na yanawaka. Yatandaze nje au yazamishe kwenye maji.

---

Kitako_Kizito

Asanteni sana wakuu, mmenikinga na hasara. Nimepima. Geji ya 0.064 inafunga, ya 0.074 haifungi. Kichwa cha risasi mdomoni kinasimama kabla hakijamezwa. Hakuna DP wala EY. Mbao ya mbele ya jozi imefika, haina sahani ya pembeni.

Mawili yamenikwamisha. Kwanza, kitako bado kinacheza baada ya kutoa mbao ya mbele, na skrubu ndefu siioni, ndani ya tundu kuna kitu kama udongo mgumu. Pili, nilipojaribisha mbao mpya na kukaza skrubu kuu hadi mwisho, skrubu imekaza kabisa lakini mbao bado inacheza mbele na nyuma. Inakuwaje skrubu ikaze na mbao isikaze?

---

Fundi_Tupa

Huo "udongo" ni kipande cha ngozi au felti kilichogandamana. Kiliwekwa makusudi kuzuia chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia, vilivyokaa kwenye tundu la kitako, visigonge kichwa cha skrubu. Kichokoe kwa ndoano ya waya, kitoke chote. Baada ya hapo tumia bisibisi ndefu ya bapa, isiyopungua sentimita 30, yenye ncha pana. Kabla ya kuzungusha, mulika na tochi uhakikishe ncha imo ndani ya mfuo. Ncha ikiwa imekaa kati ya kichwa cha skrubu na ukuta wa tundu, ukizungusha tu kitako kinapasuka kwa urefu. Ikiwa ngumu, kaza mkazo mmoja mdogo kwanza ndipo ufungue. Kama kitako kinacheza hata skrubu ikiwa imekazwa, mbao imenywea ndani ya shingo. Vipande vya karatasi ngumu iliyolowa mafuta ya kitani, pande zile tu zenye mwanya, vinatosha. Usijaze epoksi, maana siku kitako kikipasuka hakitoki. Ukibadilisha kitako, ujue vilikuwa na urefu tofauti: mfupi una herufi S juu karibu na kisigino, mrefu L, mfupi zaidi B, na wa kawaida kwa kawaida hauna kitu.

La pili ni kola. Skrubu kuu inapita ndani ya kibomba kidogo cha chuma kilichosimama ndani ya mbao, kati ya kilinda triga na bodi. Kazi yake ni kuzuia usibonyeze mbao kupita kiasi. Urefu wake umepangwa ili chuma kigusane na chuma wakati huohuo mbao inapobanwa sawasawa. Mbao ikiwa nyembamba kuliko kola, skrubu inakaza kwenye kibomba, na mbao inabaki huru. Kosa la kawaida hapo ni kukata kola iwe fupi. Usiikate. Ukishaikata, kila unapokaza unaponda mbao zaidi, na mvuto wa triga unazidi kuharibika. Ongeza unene wa mbao badala yake: kibandiko chembamba cha mti mgumu au kadibodi iliyokolezwa epoksi pale kilinda triga kinapokaa, mpaka skrubu ikaze na mbao ibanwe pamoja. Na kama mchezo wenyewe ni wa mbele na nyuma tu, si juu na chini, basi kola haina kosa. Ni mabega hayagusi, rudi kwenye masizi.

---

Kutu_Nyeusi

Hakuna aliyejibu kuhusu kutu, nami nitakuwa mkali kidogo: rangi baridi ya kupaka kutoka kwenye chupa isiguse bunduki ya 1917. Inatoa bluu ya kitoto na inafutika kwa jasho la mkono mwaka huohuo.

Kutu nyekundu na ile rangi nyeusi ya asili ni ndugu. Nyekundu inalegea na kula chuma, nyeusi imeshikana na kukinga, na unaweza kuigeuza moja kuwa nyingine kwa maji yanayochemka. Toa mtutu na bodi kwenye mbao, toa kilengeo cha nyuma na vidude vyote vya ndani. Osha mafuta yote kwa asetoni. Mtutu uzibe pande zote mbili kwa vizibo vya mbao, ama uuache wazi na kuukausha mara tu unapotoka. Chemsha ndani ya maji yaliyotoneshwa, si ya bomba, kwa nusu saa. Chokaa ya maji ya bomba huacha madoa meupe yasiyotoka. Ukitoa, nyekundu imekuwa nyeusi yenye unga. Isugue kwa pamba ya chuma namba 0000 iliyokwisha kuoshwa mafuta, unga unatoka na nyeusi iliyoshika inabaki. Penye kutu iliyobaki rudia. Chuma kingali na joto, paka mafuta.

Kwa kutu nyepesi uliyoisema inawezekana hata usihitaji kuchemsha: mafuta mepesi, acha usiku mzima, kisha pamba hiyohiyo 0000 kwa vidole vyepesi. Jaribu hivyo kwanza. Usitumie brashi ya waya kwenye drili, usipulize mchanga, na usisugue pale palipo na mihuri. Taji, tarehe na alama za mkaguzi zilipigwa kina kidogo tu, na ni nusu ya sababu ya mtu kuhangaika na kitu hiki.

Kuhusu mafuta ya kitani sikubaliani na Mninga_Mkavu kwa jambo moja. Sehemu za ndani ya mbao, mfereji wa mtutu na sehemu ya nyuma inayogusa bodi, zinahitaji kuloweshwa zaidi kuliko nje. Huko ndiko unyevu unakoingia na ndiko mtutu wako ulikoota kutu. Nje mikono mitatu minne inatosha, ndani paka mpaka mbao ikatae.

---

Mninga_Mkavu

Kutu_Nyeusi, hapo nakubali, ila mabega yasiloweshwe. Tumetoka kuyatoa mafuta, tusiyarudishie.

---

Kabati_la_Kioo

Salaam kutoka Nairobi. Naomba kuuliza pembeni kidogo bila kuharibu uzi. Kuna .303 za aina hiihii zilizotumika na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), ambazo ziko kwenye makabati ya maonyesho. Zimelemazwa, hazitapiga kamwe. Je, mafuta ya kitani na kuchemsha yanafaa na huku?

---

Kutu_Nyeusi

Dada au kaka, huku kanuni inageuka. Bunduki ya kabati thamani yake ni ilivyokuwa siku ilipoingia, pamoja na vumbi la safari na mikwaruzo ya mikono iliyoibeba. Usichemshe, usitoe rangi, usiongeze mafuta ya kitani: yanatia giza mbao, yanakamata vumbi na hayatoki tena. Vumbi litoke kwa brashi laini. Kutu hai, ile inayoacha unga kwenye karatasi nyeupe ukiigusa, ipunguze kwa mafuta mepesi na kijiti cha mbao, basi. Kisha nta nyembamba ya kuhifadhia, kama Renaissance, ambayo chimbuko lake ni British Museum na inatoka kwa tapentaini ya madini mtu akitaka kuiondoa baadaye. Shika kwa glovu, maana chumvi ya vidole huandika alama ya kutu kwenye chuma tupu ndani ya siku chache. Kama mko Pwani, unyevu wa hewa ndio adui kuliko kutu yenyewe, wekeni silika jeli ndani ya kabati na mbadilishe kwa ratiba.

---

Fundi_Tupa

Narudi kwa mwenye uzi, kuhusu triga na siku ya kwanza uwanjani.

Mbao ikishakaa na skrubu kuu ikishakaza, pima mivuto kwa mizani ya springi, hata ile ya kupimia nyama, uifunge katikati ya triga. Bunduki isiwe na risasi. Mvuto wa kwanza uwe takriban kilo 1.4 hadi 1.8, wa pili kilo 2.3 hadi 3. Ukikuta wa kwanza umerudi wenyewe baada ya kurekebisha mbao, usishangae. Kama bado haupo, angalia kama kilinda triga kimezama mno nyuma, kwenye skrubu yake ya pili. Kisha ikoki kwa bolti (bado haina risasi), na upige kitako kwenye sakafu yenye mkeka wa mpira mara tano sita. Msumari ukianguka hata mara moja, bunduki haiendi uwanjani, inakwenda kwa fundi bunduki.

Kofia ya mdomoni ivishwe kwa kugongwa na kipande cha mbao, iende sawa. Ukiisha kuifunga, bonyeza mtutu kwa kidole gumba ndani ya tundu la kofia. Ushuke kidogo na kurudi wenyewe juu, maana kile kijiti chenye springi kinausukuma. Mtutu usiguse kofia pembeni. Ukigusa upande, toa mbao au rekebisha kofia, usiukunje mtutu. Kuanzia mbele ya chemba hadi kwenye kijiti hicho mtutu usibanwe na mbao popote, na mbao za juu zisiukalie.

Risasi za kwanza zipige kutoka kwenye mfuko wa mchanga, tano tano, mtutu upoe katikati. Kilengeo cha nyuma kinaanzia yadi 200, kwa hiyo mita 100 kupiga juu kidogo si kosa. Kushoto na kulia kwenye modeli yenye nyota hakurekebishwi nyuma, unasogeza bapa la kilengeo cha mbele kwenye mfuo wake. Risasi zikikaa kushoto, sogeza bapa kushoto. Kwa juu na chini bapa zilitengenezwa za vimo tofauti, zikipishana inchi 0.015. Risasi zikiwa chini, unahitaji bapa fupi zaidi.

Soma karatasi kabla ya kuendelea kugusa kitu. Zikipanda mstari mmoja kadiri mtutu unavyopata moto, mbao ya juu inaukalia au springi ya kijiti imekufa. Zikitawanyika kwa upana, ubavu wa mtutu unagusa mfereji au kofia. Makundi mawili tofauti kwenye karatasi moja ni mabega, mbao inakaa mahali pawili. Na kama utapiga risasi za jeshi za zamani, fataki zake (kiwashio kilicho nyuma ya ganda) huacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Mimina maji ya moto kupitia chemba kwa faneli, kama lita moja, kausha kwa tambara, ndipo upake mafuta. Safisha pia uso wa kichwa cha bolti, huko watu hawafiki.

---

Kitako_Kizito

Nimekuelewa mkuu. Skrubu ya kitako imetoka, ngozi ilikuwa imeoza yote. Mabega yamechafuka masizi upande wa kulia tu mpaka sasa, kushoto bado pasafi. Naendelea kukwangua.